Mke wangu hataki nimpeleke binti yetu kuvua kwa kayaki

Shikamoo Shangazi.

Mimi ni fundi umeme, nakaa hapa hapa Tanga mjini na mke wangu na watoto wetu wawili. Mkubwa, Zuhura, ana miaka 9. Mwishoni mwa mwaka jana mgeni mmoja kutoka Ulaya niliyekuwa namfanyia kazi alihama, akaniuzia kwa bei ya kutupa kayaki yake ya plastiki, zile za kukalia juu, ina viti viwili. Akanipa na kafi lake la mabapa mawili, fimbo ya kuvulia, na jaketi okozi lake. Babu yangu alikuwa mvuvi wa mshipi, kwa hiyo bahari si ngeni kwangu, na kuogelea najua. Tangu hapo nikipata nafasi nashuka nayo Raskazone, nimeshaizoea.

Zuhura sasa haniachi. Nikirudi kazini, kabla sijavua hata viatu, "Baba, na mimi lini?" Anaogelea kidogo, pale maji yanapomfika kifuani. Yule mgeni aliniambia kwao watu hupeleka watoto kuvua kwa kayaki majira ya kuchipua, Aprili na Mei, samaki wakisogea ufukweni. Nikasema basi likizo fupi ya Aprili itatufaa. Mpango wangu ni Jumamosi ya mwezi mpevu, maana nasikia maji yakiwa makubwa samaki huwa wengi. Tutoke Raskazone saa 12 asubuhi, tukate hadi Kisiwa cha Toten, tuvue, saa 4 tuwe tumerudi.

Mama yake hataki kusikia. Mke wangu ni mtu wa Lushoto, hajui kuogelea, na tangu MV Spice Islander ilipozama mwaka 2011 hajakanyaga chombo chochote cha majini. Nimemweleza kwamba kayaki haiwezi kuzama, ni plastiki yenye hewa ndani. Akanijibu, "Kayaki haizami, mtoto je?" Mama yangu mzazi naye badala ya kunisaidia anasema mtoto wa kike na mshipi wapi na wapi, kama nataka mwenzangu wa kuvua nisubiri Hamisi akue. Hamisi ana miaka 3!

Sasa Shangazi, mwezi wa nne mke wangu anakwenda kwao kuwaona wazazi, ataondoka na Hamisi, Zuhura atabaki nami. Nimefikiria nimpeleke siku hizo. Mama yake akirudi akute mtoto mzima, mwenye furaha, na samaki kwenye jokofu, ubishi utaisha wenyewe. Zuhura nimeshamdokeza na ameniahidi hatasema. Je, nakosea? Miaka 9 ni midogo mno? Na nimlipe mzee mmoja wa ngalawa atusindikize, au nitaonekana mwoga?

Baba Zuhura, Tanga

Marahaba, Baba Zuhura.

Katika barua yako yote, sentensi niliyorudi kuisoma ni ya mkeo: "Kayaki haizami, mtoto je?" Ameuliza swali la kweli nawe ukalipita kama hukulisikia. Nitaanza nalo, maana ukishindwa kulijibu hilo hakuna haja ya kuhangaika na mengine.

Umesema una jaketi okozi moja, la huyo mgeni. Siku hiyo atalivaa nani? Ukilivaa wewe, mtoto yuko mtupu. Akilivaa yeye, yuko mtupu vilevile, ila wewe utadhani amevaa. Mwite leo jioni, mvalishe, kaza mikanda yote mpaka mwisho, kisha simama nyuma yake, shika jaketi mabegani, ulivute juu. Litapanda hadi masikioni, kidevu kitazama ndani, na akinyoosha mikono atachomoka kwa chini. Majini ndivyo itakavyokuwa: jaketi litaelea lenyewe. Jaketi la mtoto hununuliwa kwa uzito wake, na uzito huo umeandikwa kwenye lebo ya ndani. Lililo zuri lina mkanda unaopita katikati ya miguu ili lisipande, na ukilivuta mabegani linagoma chini ya kidevu. Lifungie filimbi. Tafadhali usinunue kubwa ukisema atalikulia, hii si sare ya shule. Na wewe uvae la kwako, kuogelea kwako kusikudanganye. Ukikakamaa misuli au ukagonga kichwa, mtoto wa miaka 9 hana nguvu za kukupandisha popote.

Hilo la jaketi linatibika kwa pesa. Kilichonitisha zaidi ni mpango wa siku yenyewe.

Unataka kutoka Jumamosi ya mwezi mpevu. Mwezi mpevu ni bamvua, siku ambazo maji hujaa na kupwa kupita kiasi, kama ilivyo mwezi mwandamo, na bamvua la pwani yetu lina saa zake ambazo wazee wa diko, pale wavuvi wanapofikia na vyombo vyao, wanazijua bila kutazama popote: maji hujaa kwenye saa 10 alfajiri, hupwa kwenye saa 4 asubuhi, hujaa tena saa 10 jioni. Sasa weka safari yako juu ya saa hizo. Saa 12 asubuhi, unapomkalisha Zuhura kiti cha mbele, maji yameshatoka kwa muda wa saa mbili na ndiyo kwanza yanashika kasi. Yanatoka ghubani kwenda nje. Saa hiyo hiyo kuna umande unavuma kutoka bara, upepo mwembamba, haupandishi wimbi wala hauna kelele, na wenyewe unasukuma kuelekea huko huko nje. Utaona kafi limekuwa jepesi, utajisifu kwamba siku hizi una mkono, kumbe unabebwa. Bamvua likipwa Tanga maji hushuka zaidi ya mita 3, na maji yote hayo hupita mdomo wa ghuba kwa saa sita tu.

Halafu saa 4, wakati wa kurudi, pale uliposhukia ni tope na majani ya bahari. Jua limeshakuwa kali na upepo wa baharini umeamka. Utaiburura kayaki kwa mkono mmoja huku mwingine umemshika mtoto aliyechoka, na hapo nimechukulia kwamba mmerudi.

Kisiwa cha Toten nacho nakijua kinavyovutia. Ukisimama mjini unakiona karibu kiasi cha kutaka kukifikia sasa hivi. Lakini njia yako inakatisha maji ya bandari. Tangu lango lilipochimbwa kutoka kina cha mita 3 hadi mita 13, meli kubwa zinaingia mpaka gatini badala ya kukaa mbali na kupakuliwa kwa matishari. Meli haina breki, na aliye juu kule haoni kitu kidogo kilicho chini ya pua yake. Toten iache mpaka Zuhura awe na kafi lake na mkono wake. Upande wa Chongoleani vilevile usiusogelee, kuna kazi za bomba la mafuta na hutaki kujieleza mbele ya askari ukiwa umelowa.

Kuhusu majira. Huyo mgeni hakukudanganya, alikueleza bahari ya kwao. Kule kaskazini Aprili na Mei ndipo baridi inapoondoka, samaki wanasogea maji ya kina kifupi, watu wanatoa vyombo vilivyolala miezi yote ya baridi. Na hata huko mzazi mwenye akili haendi kichwa kichwa, kwa sababu jua linaweza kuwa zuri na maji bado ni ya kumkata mtu pumzi akianguka. Ndiyo maana huwavisha watoto nguo maalumu za maji baridi. Wewe tabu hiyo huna, maji yetu ni vuguvugu mwaka mzima. Tabu yako ni kwamba miezi hiyo hiyo kwetu ni masika, na kusi, upepo wa kutoka kusini, ndiyo inaingia. Mvua ya pwani inapenda usiku na alfajiri, yaani saa yako. Mto Sigi na Mkulumuzi inashusha maji ya udongo ghubani pamoja na matawi na magogo yaliyozama nusu, ambayo kayaki ikiyapanda inageuka. Chambo chenyewe samaki hakioni. Ikija Juni mpaka Agosti kusi imekomaa, na hapo utasikia Mamlaka ya Hali ya Hewa ikitoa tahadhari za upepo wa kilomita 40 kwa saa na mawimbi ya mita 2. Mawimbi hayo yanawarudisha nyumbani wenye ngalawa, sembuse wewe na plastiki yako.

Msimu wa mtoto kwenye kayaki, kwa upande wetu, ni Oktoba na Novemba. Kusi imechoka, kaskazi, upepo wa kutoka kaskazini, haijaanza, asubuhi bahari inalala. Vuli inaweza kunyesha, lakini siku ya mvua unabaki nyumbani, basi. Ukikosa hapo kuna Februari hadi mwanzo wa Machi, kaskazi ikilegea. Najua Zuhura ukimwambia Oktoba atalia. Mwache alie. Umri wake unatosha, lakini kuogelea "kidogo" hakutoshi, na miezi hii ina kazi ya kufanya.

Kabla ya kazi hiyo, lile la siri. Hapo sitakuzunguka: usifanye, na ulichokwisha kufanya kakivunje.

Umemwambia mtoto wa miaka 9 kwamba kuna jambo la mwili wake na uhai wake ambalo mama hatakiwi kulijua. Umemwambia kwa mapenzi, najua. Siku moja mtu mwingine asiye baba yake atamwambia maneno hayo hayo kwa sababu nyingine, naye atakuwa ameshazoea kwamba watu wazima wazuri huomba siri. Mwite mbele ya mama yake, useme: nilikuomba unyamaze, nimekosea, ahadi ile imekwisha. Mkeo atakasirika. Ni haki yake, na hasira za siku mbili hazijaua ndoa.

Na hata ukiliangalia kivuvi tu, siri hiyo ni hatari. Mtu anayetakiwa kujua mmetoka saa ngapi, wapi, na mnarudi saa ngapi, ndiye huyo huyo unayemficha. Saa 5 kayaki isipoonekana, nani atakayepiga kelele? Yuko Lushoto. Kisha mtoto aliyebeba siri hatathubutu kusema "Baba, naogopa, turudi", kwa sababu ameshakuwa mshirika wako na hataki kukuangusha. Wakati neno hilo, turudi, ndilo unalolihitaji kuliko kafi. Mwekee sheria kwamba akilisema mara moja tu, kayaki inageuka, hakuna "kidogo tu", hakuna "ngoja nimtoe huyu". Akilisema dakika ya tano, mmerudi dakika ya tano. Akishaona unalitii, atakaa kwa raha na huenda asiliseme kabisa.

Sasa kazi ya miezi hii. Likizo ya Aprili itumie kwa kuogelea, kila asubuhi isiyo na mvua, maji yakiwa yamejaa. Usihangaike na mbio. Unachotaka ni alale chali aelee bila kushikwa huku akipiga hadithi nawe, na aweze kuzamisha uso, kuuinua na kucheka. Mtoto anayeweza hayo mawili haingiwi na kiwewe maji yakimpiga puani. Asiyeweza, hata awe na miaka 15, hajawa tayari.

Akifika hapo, na jaketi lake limeshanunuliwa, ipeleke kayaki mahali maji yanapokufika wewe kiunoni, umkalishe, umwambie unaipindua, kisha uipindue. Kwa makusudi. Jambo la kwanza analojifunza Zuhura ni kushika kayaki na kutoiachia, hata ufukwe uonekane uko hapo tu. Kayaki inaonekana kutoka mbali, kichwa cha mtoto hakionekani. Wewe unapitisha mikono juu ya tumbo la kayaki iliyopinduka, unashika ukingo wa upande wa pili, unavuta kwa uzito wako, inageuka na kukaa sawa, maji yanatoka yenyewe kwenye matundu. Kisha unamshika mtoto kwa mikanda ya jaketi, anapiga miguu, unamsukuma alale kifudifudi katikati, ndipo ageuke kukaa. Yeye kwanza, wewe baadaye. Rudieni mpaka iwe mchezo, mpaka aanze kukuambia "Baba, tena!" Baadaye nenda mahali miguu yako haifiki chini, mwenzio mmoja akiwa karibu, urudie yote. Usipoweza kumpandisha huko, basi huna sababu ya kumpeleka huko. Na usije ukamfunga mtoto kwa kamba kwenye kayaki ukidhani unamlinda. Funga kafi.

Siku za zoezi hilo mkaribishe mama yake. Usimsomee tena habari za hewa ndani ya plastiki. Mtu aliyeshuhudia nchi nzima ikilia mwaka 2011 hashawishiki kwa maneno ya fundi. Akae ufukweni na khanga yake na chai yake, amwone mwanawe akianguka majini, akipotea kwa nukta moja, akiibuka, akishika, akipanda. Mara ya kwanza atapiga ukelele. Mwache apige. Huko ndiko kujibiwa kwa swali lake. Akipenda, mvalishe jaketi naye, akae kiti cha mbele maji yakiwa ya magoti, umvute kwa kamba huku unatembea. Akikataa usimsihi. Lakini mpe hili, na ulitamke mbele ya Zuhura: asubuhi yoyote ya safari, mama akisema leo hapana, ni hapana, bila kuombwa sababu. Utashangaa jinsi mtu anavyoacha kukataa akishajua kukataa kwake kunasikilizwa. Na asipoacha, mtakuwa na kayaki ya kuchezea ufukweni mpaka Zuhura awe mkubwa, nalo si msiba.

Mama yako mzazi mpe salamu zangu. Mtoto wa kike na mshipi wapi na wapi? Hapa hapa. Nani anayetanda uduvi kwenye pwani hii? Nani anayeshuka mwambani na kijiti maji yakipwa, akarudi na pweza kwenye ndoo? Nani analima mwani? Mabibi zetu wamelisha nyumba kwa bahari bila kupanda chombo. Sitaki umwambie hivyo kwa ubishi. Muombe siku ya bamvua, maji yakitoka, amchukue mjukuu wake akamwonyeshe tundu la pweza linavyotambulikana, kama analijua, nami nina hakika analijua. Atajikuta ndiye mwalimu wa kwanza wa Zuhura kwa mambo ya bahari, na mwalimu hamkatazi mwanafunzi wake.

Tuje Oktoba. Mambo yote yamekaa sawa, siku mnaichaguaje? Mwombe mtu anayefuata mwezi wa kiislamu akuhesabie, au tazama jedwali la maji kwenye simu. Unataka maji mafu, yaani yasiyojaa wala kupwa sana, kwenye tarehe 8 hadi 10 za mwezi huo wa kiislamu, au 23 hadi 25. Siku hizo saa zinageuka: maji yanakuwa yamepwa kwenye saa 10 alfajiri na yanapanda polepole mpaka kama saa 4 asubuhi. Hayaendi mbali, pengine mita 1 tu juu na chini. Ukishuka saa 1 asubuhi, bahari inaingia ghubani, inakusukuma kwako. Kafi likikatika, mtarudishwa. Saa 2 na nusu mko nchi kavu kabla upepo haujaamka. Saa moja na nusu inamtosha mtoto. Ukizidisha, anachokumbuka ni jua.

Mbali kiasi gani? Mama Zuhura akisimama ufukweni akaita kwa sauti yake ya kawaida ya kuitia watoto, umsikie. Hapo ndipo mwisho. Usiniambie samaki hawapo karibu. Juu ya majani ya bahari, mita 2 au 3 za maji, kuna changu wadogo, chaa na tasi wa kumtosha mtoto, na mtoto haendi kuvua jodari.

Fimbo ya mgeni ibaki nyumbani. Kuizungusha ndoana nyuma ya kichwa cha mtoto kwenye kitu chenye upana usiozidi wa meza ni kutafuta hospitali. Mpe mshipi alioutumia babu yako. Uzungushe kwenye kibao, ndoana moja ndogo, chubwi dogo la kuzamisha mshipi, kipande cha ngisi chembamba kama kidole chake kidogo. Kijino cha ndoana kibane kwa koleo kilale: samaki wachache watachomoka, lakini ikimwingia mtu inatoka ilivyoingia. Asijizungushie mshipi mkononi hata mara moja, samaki wa ratili tu akikimbia unakata. Mwonyeshe kuupitisha juu ya kidole cha shahada na kunyamaza. Tasi hudonoa donoa, mshipi unatetemeka kidogo na kuacha, mtoto atavuta mapema na kukuta chambo kimekwisha. Changu akichukua amechukua. Usimwambie avute lini. Kidole kitajifunza chenyewe, na hiyo ndiyo raha yote iliyompeleka huko.

Kumtoa samaki ni kazi yako, kwa kitambaa. Tasi ana miiba mgongoni na tumboni yenye sumu, hongwe vilevile ana yake, na maumivu yake mtu mzima hulia. Ikitokea, chovya mahali hapo kwenye maji ya moto kadiri anavyoweza kuvumilia bila kuungua, nusu saa au zaidi, ujaribu kwanza kwa mkono wako, kisha mpeleke zahanati. Chupa ya chai yenye maji ya moto basi ibaki ufukweni na mama. Bunju akija, mwache Zuhura amtazame anavyovimba, kisha arudi baharini; huyo haliwi. Nanga nakushauri usiitumie kabisa mwaka huu, maana ikifungwa ubavuni na mkondo ukavuta, kayaki inalala.

Kuna na habari ya serikali. Sehemu kubwa ya maji hayo imo ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Silikanti, iliyoanzishwa mwaka 2009, kwa hiyo kabla ya kushusha ndoana pita ofisi ya hifadhi na kwa afisa uvuvi uulize kibali na sehemu zinazoruhusiwa. Kikundi cha usimamizi wa uvuvi cha diko unaloshukia pia wajue kayaki ni ya nani. Wakikujua, siku wakiiona inaelea bila mtu hawatasubiri. Simu uiweke kwenye mfuko usioingia maji, na namba ya Zimamoto na Uokoaji ni 114.

Umeuliza kuhusu mzee wa ngalawa, kama utaonekana mwoga. Nani atakayekuona? Wavuvi wenyewe hutoka wawili wawili. Mchukue, na si kwa siku ya kwanza tu. Akae upande wa bahari kuu, nyinyi mkae kati yake na nchi kavu, na akisema hali ya hewa inageuka usimbishie kwa sababu simu yako inasema vingine. Patana naye bei kabla na umlipe kabla ya kushuka majini, kwa sababu mkirudi Zuhura akiwa na changu wake wa kwanza mkononi, hakuna atakayekumbuka habari za pesa, na mzee wa watu ataona aibu kudai.